Savai'i: shamba lililofunikwa na lava bado lina wenyewe

Ukifika Sale'aula, pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Savai'i huko Samoa, utatozwa kiingilio ili utazame mahali ambapo hapajalimwa kitu kwa zaidi ya miaka mia moja. Ni weusi mtupu kutoka barabarani mpaka baharini, mwamba uliojikunja kama uji mzito uliomwagika ukapoa. Humo ndani zimebaki kuta za kanisa la wamisionari wa London. Lava iliingilia mlangoni, ikajaza sakafu kwa kimo cha mtu, ikaziacha kuta zimesimama. Mbele kidogo kuna kaburi la msichana ambalo lava ililizunguka pande zote isilifunike, kwa hiyo leo liko chini, ndani ya shimo la mwamba. Wenyeji wana maelezo yao kuhusu usafi wa marehemu. Mtaalamu wa miamba atakuwa na maelezo mengine, lakini hakuwepo pale, basi nikawasikiliza waliokuwepo.

Kiingilio ni tala, fedha ya Samoa, chache tu. Anayekipokea hana sare wala stakabadhi ya wizara yoyote. Ni mtu wa kijiji. Kijiji chenyewe kilizikwa na lava hiyo kati ya 1905 na 1911, na familia nyingi zikahamishiwa kisiwa cha pili, Upolu. Hata hivyo ukiuliza pale pana mwenyewe, utajibiwa bila kusita kwamba pana wenyewe, na ni wale wale. Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii, kwa sababu kadiri nilivyolifuatilia ndivyo nilivyoona kwamba historia ya kisiwa kile na uchumi wake, pamoja na ugomvi wake wa siasa wa juzi juzi, vyote vinarudi kwenye swali la nani mwenye ardhi.

Mimi ni mtu wa Mafia. Nimekulia kwenye minazi, na sasa naishi kusini mwa Auckland, ambako Jumapili asubuhi njia hujaa akina mama wa Kisamoa waliovaa nyeupe kutoka kofia mpaka viatu wakielekea kanisani. Sensa ya New Zealand ya 2023 iliwahesabu watu zaidi ya 200,000 wenye asili ya Samoa, na Samoa yenyewe ina watu kama idadi hiyo hiyo. Ukikaa huku huwezi kuikwepa Samoa hata ukitaka. Mwenzangu wa kazini, mtu wa Savai'i, alinialika kwao wakati wa shughuli ya kifamilia, nami nikakubali haraka kuliko adabu inavyoruhusu. Nilitaka kuona volkano iliyopandwa minazi. Mafia chini ni matumbawe tu; mlima hatuna hata wa kusingizia.

Savai'i ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,700 hivi, yaani karibu sawa na Unguja. Lakini Unguja ina watu zaidi ya milioni moja, na Savai'i haina zaidi ya elfu arobaini na kitu. Wote wanaishi ukingoni, kando ya barabara moja inayozunguka kisiwa, na katikati kote ni msitu na mawe. Kilele cha juu ni Silisili, mita 1,858, ila usitegemee kukiona. Ukiwa baharini unachoona ni mgongo mrefu unaopanda taratibu hadi ukapotelea mawinguni. Ndivyo volkano za lava nyepesi zinavyojijenga. Zinamwaga pembeni zaidi kuliko kurusha juu, tabaka juu ya tabaka, mpaka zinapata mlima mpana usio na ncha. Ni mlima wa jamii ya Karthala, volkano ya Ngazidja kule Komoro.

Na kama Ngazidja, mvua ni nyingi na maji ni shida. Mwamba wa lava ambao bado ni mpya hauna udongo wa kuzuia maji. Yanazama yalipoangukia na kwenda kutokea chini, ukingoni mwa bahari. Sehemu kubwa za Savai'i hazina mto unaotiririka mwaka mzima. Vijiji vya pwani vimejengea chemchemi hizo kuta za mawe, na kupata mabwawa ya maji baridi ya kuogea, hatua chache tu kutoka kwenye mawimbi. Mzungumzaji wa Kingazija angeielewa hali hiyo kuliko sisi wa matumbawe tunaochimba kisima tukapata maji ya chumvichumvi.

Wataalamu wa miamba walisumbuliwa na Savai'i kwa muda mrefu. Sakafu ya Pasifiki inasogea kuelekea magharibi juu ya chanzo cha joto kilichotulia chini. Kwa hiyo katika safu ya visiwa vilivyozaliwa hivyo, kilicho magharibi kinatakiwa kuwa kizee kilichozimika, na kilicho mashariki kiwe kichanga. Savai'i iko magharibi, nayo imelipuka mwaka 1760 hivi, tena 1902, tena 1905. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba Samoa iko karibu mno na ncha ya kaskazini ya mtaro wa Tonga, ambako sakafu ya bahari inapinda na kupasuka ikishuka chini, na nyufa hizo zikampa mzee njia ya kutapika upya. Kichanga halisi kiko upande wa pili kabisa wa safu, chini ya maji: mlima wa Vailulu'u, mashariki ya kisiwa cha Ta'u. Kati ya 2001 na 2005 ndani ya kasoko yake kilichomoza kilima kipya cha mita mia tatu, na watafiti wakakiita Nafanua, jina la mungu wa kike wa vita wa Falealupo, kijiji cha ncha ya magharibi ya Savai'i. Falealupo ndipo palipo mlango ambao roho za wafu hupitia kushuka kuzimu. Kilima kinachoota chini ya bahari kupewa jina la mtu wa kwao si jambo la kukasirikia.

Kwenda Savai'i unapanda pantoni pale Mulifanua, kisiwa cha Upolu, na baada ya saa moja na zaidi kidogo uko Salelologa. Pantoni hiyo ina historia yake. Mwaka 1973 gati la Mulifanua lilipokuwa likichimbwa, mashine zilitoa kwenye tope vigae vya vyungu vya aina ya Lapita, vilivyotengenezwa karibu miaka 2,800 iliyopita. Ndio ushahidi mkongwe zaidi wa watu Samoa: mabaharia waliotoka magharibi, kisiwa kwa kisiwa, na magimbi, migomba, kuku na nguruwe ndani ya mitumbwi. Ardhi waliyoikanyaga imedidimia kidogo kidogo, na kijiji chao sasa kiko chini ya bahari.

Watu hao ni wa jamaa kubwa ya lugha ambayo tawi lake jingine lilielekea upande wetu, likavuka Bahari ya Hindi mpaka Madagaska. Mtu wa Mafia hahitaji kufundishwa habari hiyo darasani. Ngalawa yetu yenye matengo pande mbili ni masalia ya safari zao. Kule Savai'i wavuvi wanatoka na mtumbwi wa paopao, wenye tengo upande mmoja tu, na nilipousogelea mikono yangu ilijua pa kushika. Vivyo hivyo jikoni. Nazi inafuliwa kwenye mti wa ncha uliochomekwa ardhini, sawa na kifuo chetu, na inakunwa mtu akiwa amekalia kigoda chenye ulimi wa chuma. Majani machanga ya magimbi yanafungiwa tui zito na kuzikwa katika mawe ya moto pamoja na shelisheli na samaki. Walinipa mbuzi nikune. Nadhani walitegemea kucheka.

Kabla ya Wazungu Savai'i haikuwa pembeni mwa chochote. Katika mashamba ya Letolo, upande wa Palauli, umefunikwa na msitu mlima wa mawe uliopangwa kwa mikono, Pulemelei, wenye kitako cha mita 65 kwa 60 na kimo cha mita 12. Ni miongoni mwa majengo makubwa kabisa ya kale katika visiwa vyote vya Polinesia. Mwaka 1830 mmisionari John Williams alipoamua kuanza kazi Samoa, hakwenda kwenye bandari nzuri ya Apia, kisiwani Upolu. Alitia nanga Sapapali'i, Savai'i, kwa sababu aliyekuwa na nguvu wakati huo, Malietoa Vainu'upo, alikuwa huko. Katika kizazi kimoja kisiwa kizima kikawa cha Kikristo, na hadi leo saa ya sala ya jioni ikipigwa hutakiwi kupita barabarani ukizurura.

Kisha ukaja wakati wa mbata.

Kampuni ya Godeffroy ya Hamburg ilijikita Apia, na wakala wake Theodor Weber ndiye aliyebadilisha biashara. Hapo awali mafuta ya nazi yalikamuliwa visiwani na kusafirishwa kwenye mapipa, yakivuja na kuoza njiani. Weber akaona afadhali nyama ya nazi ikaushwe, ipakiwe kwenye magunia, ikakamuliwe Ulaya kwa mashine, na mashudu yake walishwe ng'ombe. Mafuta yakaenda kwenye sabuni, baadaye majarini. Hakuna mtu wa Mafia asiyejua harufu ya mbata ghalani, na hakuna asiyejua namna bei yake inavyopangwa na mtu ambaye hujawahi kumuona. Godeffroy alifilisika 1879, na mashamba yake yakaendeshwa na kampuni nyingine ya Kijerumani iliyotokana naye.

Wakati huohuo machifu wa Samoa walikuwa vitani wenyewe kwa wenyewe, na Wajerumani, Waingereza na Wamarekani kila mmoja akimuuzia bunduki anayempenda. Malipo yalikuwa ardhi. Mkataba wa Berlin wa 1889 ukaunda tume ya kuchunguza madai ya wageni, na madai yalipojumlishwa yakazidi mara mbili ukubwa wa nchi nzima! Watu walikuwa wameuza kipande kimoja kwa wanunuzi watatu, wengine wameuza cha jirani, na wanunuzi walikuwa wamejiandikia mipaka wanayoitaka. Tume ikakubali kama asilimia 8 tu ya madai hayo. Sidhani kama ilikuwa huruma. Makamishna walikuwa watatu, mmoja kutoka kila taifa, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kukataa dai la mtu wa mwenzake. Wasamoa walinusurika kwa wivu wa wakubwa.

Sasa linganisha na kwetu. Tarehe 26 Novemba 1895 amri ya kifalme ilitangaza kwamba ardhi yote ya Afrika Mashariki ya Kijerumani isiyo na mwenyewe anayethibitika ni mali ya Taji. Himaya ilikuwa moja na muongo ulikuwa mmoja. Kwetu mwananchi ndiye aliyetakiwa kuthibitisha. Samoa aliyetakiwa kuthibitisha alikuwa mgeni. Nimekuwa nikiliwaza hilo tangu nirudi, na kila nikiliwaza naona linaeleza mambo mengi kuliko milima na mvua.

Samoa iligawanywa rasmi 1899. Marekani ikachukua Tutuila na visiwa vya mashariki, Ujerumani ikachukua Upolu na Savai'i, na Uingereza ikajitoa kwa kulipwa kwingineko: Tonga, sehemu ya visiwa vya Solomon, na mambo ya mipaka Afrika Magharibi. Ndani ya mkataba huohuo kimo kifungu kuhusu Zanzibar. Ujerumani iliachia haki yake ya kuwahukumu raia wake kwa mahakama yake yenyewe ndani ya Zanzibar, kuanzia pale ambapo mataifa mengine nayo yangeachia. Uhuru wa kisheria wa mji wa Unguja na minazi ya Savai'i viliwekwa kwenye mzani mmoja na watu waliokaa Ulaya. Si ajabu, miaka tisa kabla Mafia yetu nayo ilibadilishwa mkono katika mkataba wa aina hiyo.

Gavana wa kwanza alikuwa Wilhelm Solf, msomi wa Kisanskriti, ambaye kabla ya kutumwa Apia alikuwa hakimu Dar es Salaam kwa muda mfupi mwaka 1898. Alitawala Samoa hadi 1911, kisha akapanda kuwa waziri wa makoloni yote. Ni mtu mgumu kumpima. Aliwakatalia walowezi waliotaka ardhi zaidi na waliotaka Wasamoa walazimishwe kufanya kazi mashambani. Vibarua wakaletwa kutoka visiwa vya Melanesia na, kuanzia 1903, kutoka China, na maisha ya vibarua hao yalikuwa ya mateso. Mwaka huo huo wa 1903 aliunda tume ya ardhi na vyeo, ambayo ndiyo mama wa mahakama ya ardhi na vyeo iliyopo leo. Upande wa pili aliamuru kila mkuu wa familia apande minazi hamsini kila mwaka, akavunja baraza la machifu, na hakuvumilia mtu mweusi wala mweupe ampangie kazi. Wasamoa walipounda kampuni yao, 'Oloa, ili wauze mbata bila kupitia kwa wafanyabiashara wa Kizungu waliokuwa wakiwapunja, Solf aliizima. Ardhi aliwaachia, soko akakataa kuwaachia.

Kati ya Julai na Agosti 1905 moto uliwaka mara mbili ndani ya himaya hiyo. Kwetu, vita vya Maji Maji vilikuwa vimeanza siku chache kabla, huko Umatumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Savai'i, tarehe 4 Agosti, mlima wa Matavanu ulipasuka. Mwezi wa Desemba lava ikafika baharini, na iliendelea kutoka kwa vipindi mpaka 1911. Ilikuwa ya mwendo wa pole, watu wakapata muda wa kubeba vyombo na kuondoka, wakiangalia nyumba zikiwaka moja baada ya nyingine. Vijiji vitano viliangamia. Watu wa Lealatele wakapewa ardhi Upolu wakaanzisha Le'auva'a. Wa Sale'aula wengi wakaanzisha Salamumu. Wasomaji wangu wa Goma wanajua habari hii kwa miili yao. Lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wao Januari 2002 ikaingia Ziwa Kivu, na mwaka 2021 ilisimama mlangoni. Goma walijenga upya juu ya mwamba ule ule, kwa mawe ya lava ile ile, kwa sababu hakukuwa na pengine pa kwenda. Sale'aula palikuwepo pa kwenda, na bado baadhi yao wakarudi pembeni mwa mwamba.

Nilimuuliza mzee mmoja wa kijiji kwa nini. Alisema jina la cheo chake ni la pale. Mwanzoni nilidhani amekwepa swali. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kwa Samoa ardhi ya ukoo hushikwa kupitia cheo cha matai, mkuu wa familia anayechaguliwa na wanafamilia wenyewe, wa kike na wa kiume, wa karibu na wa mbali. Cheo kina jina, jina lina mahali pake kwenye baraza la kijiji, na mahali pana ardhi. Mwenye cheo haimiliki ardhi, anaishika kwa niaba ya 'aiga, yaani familia nzima na watakaozaliwa. Lava inaweza kuzika shamba. Haiwezi kuzika cheo, kwa hiyo ardhi iliyo chini yake bado inahesabika.

Nirudi kwenye historia kwa haraka. Msemaji mkuu wa Savai'i, Lauaki Namulau'ulu Mamoe wa Safotulafai, aliongoza upinzani dhidi ya Solf, unaoitwa Mau a Pule. Ulikuwa upinzani wa hotuba, safari za mitumbwi na mikusanyiko. Manowari za Kijerumani zikaja mwaka 1909 na Lauaki akapelekwa uhamishoni Saipan pamoja na machifu wenzake. Aliruhusiwa kurudi 1915 akafia njiani. Kwa kipimo cha Maji Maji, ambako makadirio mengine ya waliokufa kwa vita na njaa yanafikia laki tatu, mtu anaweza kusema Samoa waliponea. Nisingesema hivyo mbele ya wajukuu wa Lauaki.

Na kifo kikubwa kilikuwa bado njiani. New Zealand iliiteka Samoa Agosti 1914 bila risasi. Tarehe 7 Novemba 1918 meli ya Talune kutoka Auckland iliruhusiwa kushusha abiria Apia ikiwa na wagonjwa wa mafua, na ndani ya wiki chache karibu mtu mmoja kati ya watano alikuwa amekufa. Machifu, wahubiri, wazee wenye nasaba vichwani, wote walifagiliwa. Samoa ya Marekani, umbali wa kuonana kwa macho siku ya hali nzuri, ilifunga bandari na haikupoteza mtu. Hasira hiyo ilizaa vuguvugu la Mau la miaka ya 1920, na tarehe 28 Desemba 1929 polisi wa New Zealand walifyatulia risasi maandamano ya amani Apia, wakamuua kiongozi wake Tupua Tamasese Lealofi III. Waziri mkuu Helen Clark aliomba radhi mwaka 2002. Uhuru ulikuja tarehe 1 Januari 1962, wiki tatu na siku mbili baada ya Tanganyika. Wakati sisi tunawasha mwenge Kilimanjaro, wao walikuwa wanashona bendera.

Katiba yao ikakataza ardhi ya mila kuuzwa. Takriban asilimia 80 ya nchi ni ardhi hiyo. Unaweza kupangishwa, kununua hapana. Kwetu ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini, sheria za 1999 zinasema hivyo, na vijiji vina haki zao za kimila kwenye karatasi. Nimeona pwani za kwetu zikihama mikono kwa muhtasari wa kikao ambacho nusu ya waliosaini hawakukumbuka kuhudhuria. Savai'i ufukwe una mtu wa kuulizwa. Unataka kuogelea, unalipa familia fulani. Unataka kupiga picha maporomoko, unalipa kijiji. Kule Taga, kusini, bahari hupenya kwenye mapango ya lava na kuruka juu kwa kishindo, na mzee wa pale, kwa malipo, hutupa nazi kwenye tundu ili uione inavyorushwa angani. Watalii hulalamika kwamba kila mahali wanatozwa. Mimi nilifurahi kulipa, nikifikiria fukwe ninazozijua ambako anayetozwa ni mvuvi.

Je, kisiwa kimetajirika kwa hayo? Hapana. Benki haipokei ardhi isiyouzika kama dhamana, na kijana mwenye wazo la mradi lazima kwanza aishawishi familia nzima, halafu binamu aliyeko Sydney apige simu kupinga. Hoteli kubwa zimekwenda Upolu. Savai'i wageni hulala kwenye vibanda vya ufukweni vya Manase na Lano, vya nguzo na paa, godoro na chandarua, na chakula cha jioni unakula pamoja na wenye nyumba. Huko magharibi, Asau, kampuni ya mbao ya Kimarekani iliingia miaka ya 1960 na kukata msitu mkubwa. Mbao ziliisha na ajira zikaisha. Falealupo nao walikuwa karibu kuuza msitu wao mwishoni mwa miaka ya 1980 ili wapate pesa ya kujenga shule waliyotakiwa na serikali kuijenga. Mtaalamu wa mimea Paul Alan Cox, aliyekuwa akijifunza dawa kwa waganga wa kike wa hapo, alisaidia kupatikana kwa pesa hizo na msitu ukabaki. Kwenye mti wa mamala, ambao maganda yake waganga walikuwa wakiyatumia kutibu homa ya ini, ilipatikana prostratini, kemikali inayochunguzwa kwa ajili ya tiba ya virusi vya UKIMWI. Mikataba iliyosainiwa 2001 na 2004 iliahidi kijiji na familia za waganga sehemu ya mapato iwapo dawa itapatikana. Dawa dukani bado. Msitu upo, ingawa vimbunga vya Ofa wa 1990 na Val wa 1991 viliuchana vibaya.

Vimbunga viliharibu minazi na migomba pia, lakini pigo la uchumi lilikuwa ukungu mdogo wa majani ya magimbi ulioingia 1993. Magimbi yalikuwa chakula cha kila siku na bidhaa kubwa ya kuuza nje, hasa kwa Wasamoa wa Auckland. Karibu kila mkulima alipanda aina moja, ile inayopendwa sokoni, na ukungu ukaipenda pia. Mwaka 1994 mauzo ya nje yalikuwa yamekwisha kabisa, unaweza kusema. Watafiti wa chuo kikuu cha Pasifiki Kusini, tawi la Alafua, walitumia miaka mingi wakizalisha mbegu mpya kwa kuchanganya magimbi ya Pasifiki na ya Asia, na sasa magimbi yapo sokoni Salelologa kwa mafungu. Mama wa mwenzangu alisema ladha si ile. Nilikula mengi ili nihakikishe.

Kakao ipo, hukaangwa na kutwangwa na kunywewa nzito bila maziwa, na inauzwa nje kidogo. Mbata ipo, ya bei ileile ya kukatisha tamaa. Lakini zao kuu la Savai'i leo ni watu. Fedha zinazotumwa na walio nje zinafikia robo ya pato la taifa au zaidi. Tangu 2007 mpango wa vibarua wa msimu unawachukua vijana kwenda kuchuma matofaa na kufunga mizabibu New Zealand, na Australia ina mpango wake. Wanarudi na saruji, jenereta, na mabati. Ukizunguka kisiwa unaona nyumba mpya, makanisa makubwa kupita kiasi, na mashamba yenye magugu, maana waliopaswa kupalilia wanachuma matofaa ya watu.

Na pesa hiyo ina njia zake. Msiba, harusi, kusimikwa cheo, kila shughuli ni fa'alavelave, na kila mwanafamilia anachangia, awe Apia au Alaska. Shughuli niliyoalikwa ilikuwa ya kusimikwa cheo. Mwenzangu, anayeendesha mashine za kunyanyua mizigo ghalani kama mimi, alikuwa akipewa cheo cha familia. Kulikuwa na mikeka laini inayofumwa kwa miezi, makatoni ya samaki wa kopo, nguruwe, na bahasha. Alinong'ona kwamba sasa ndipo umasikini unaanza. Alikuwa anacheka lakini si sana. Hata hivyo nilipomuona amekaa kwenye nguzo yake, amevaa ukindu na mafuta mwilini, wazee wakimwita kwa jina ambalo babu wa babu yake aliitwa, sikumuona kama mtu aliyepunjwa.

Mwaka 2020 chama kilichotawala kwa karibu miaka arobaini kilipitisha sheria za kuipa mahakama ya ardhi na vyeo mamlaka yake ya mwisho, nje ya mahakama kuu. Wengi waliona hilo ni kuchezea kitovu cha nchi. Naibu waziri mkuu, Fiame Naomi Mata'afa, binti wa waziri mkuu wa kwanza wa uhuru, alijiuzulu, na uchaguzi wa Aprili 2021 ukaleta sare na kesi juu ya kesi. Mwezi wa Mei milango ya bunge ilifungwa kwa kufuli asiingie, akaapishwa kuwa waziri mkuu ndani ya hema bustanini. Mahakama ilimthibitisha Julai. Kule bungeni bado sheria inataka mgombea awe mwenye cheo cha matai. Mpaka 1990 hata kupiga kura kulihitaji cheo.

Mwenzangu alikuwa Auckland kipindi chote hicho. Mpiga kura wa Samoa lazima awe nchini, na mipaka ilikuwa imefungwa kwa ajili ya korona. Sisi Watanzania wa nje tunaijua hali hiyo: fedha zako zinaingia, kura yako haiingii. Lakini yeye hakuonekana kunyamazishwa. Saa ya chakula cha mchana alikuwa kwenye simu na dada yake wa Savai'i, wakibishana kuhusu sheria ya mahakama ya ardhi, kipande gani cha shamba la bibi kitaathirika, na nani katika familia ameelewa nini. Ubishi ulichukua mapumziko yote. Mwisho dada yake akamkumbusha kwamba mchango wa paa la kanisa haujafika.